Maganda Kumi na Tisa ya Zombo

Kabla hamjauliza tena, wenzangu wa sokoni, nawapeni jumla. Safari ile ilinigharimu siku kumi na tatu ambazo zilipangwa kuwa sita, soli ya kiatu cha kulia, koti la mvua lililobaki juu ya mti Mikumi, na wateja wanne niliowakuta wamehamia kwa jirani yangu wa meza ya pili. Nimehesabu mara mbili. Kwa kweli walihama watano, lakini wa tano alikuwa anakuja kupiga soga tu, huyo simhesabu.

Mliniuliza muuza maharage wa Morogoro alikwenda kutafuta nini porini. Jibu fupi ni kwamba nilikwenda kutafuta maharage. Jibu refu ndilo hili.

Dada Anjela, yule msomi wa mimea kutoka Dar, mlimwona siku alipokuja mezani kwangu kununua punje tatu tatu za kila aina. Punje, si kilo. Nikamhesabia, nikarudia.

"Kaka Masanja, mbona mara mbili?"

"Ya kwanza yako, ya pili yangu. Zikilingana tunaachana kwa amani."

Akacheka, akaniambia anamtafuta mtu wa namna hiyo hiyo. Kazi yake ni kukata matawi ya mimea ya asili ya jamii ya mikunde, kuyabana katikati ya magazeti mpaka yakauke, na kuandika kila moja limetoka wapi. Kila tawi lina lebo yenye namba, na namba hiyo hiyo huandikwa daftarini. Zikipishana hata moja, kazi nzima ni takataka. Basi mimi nikawa mtu wa namba, na mbeba kibanio: fremu mbili za mbao zilizofungwa kwa mikanda, katikati yake magazeti na majani. Kikijaa kina uzito wa gunia nusu.

Alikuwa na mmea mmoja aliouwinda kuliko yote, kunde ya porini inayotambaa. Huko Dar wanao tawi lake moja tu, lilichumwa enzi za Mwingereza, na lebo yake imeandikwa Zombo, Kilosa. Tawi lina maganda, halina ua. Mkuu wake wa kazi anasema hiyo ni kunde ya shambani iliyotoroka, na kwamba ile ya porini hasa haijawahi kuota upande huu wa nchi. Bila ua huwezi kubisha. Na asipopata ua na ganda katika tawi moja safari hii, anarudishwa mezani kuandika lebo za wenzake, mwingine anachukua nafasi yake porini.

"Na ukipata?"

"Nikipata, ramani inaongezewa nukta moja, na mimi nabaki na kazi yangu."

Nikamwambia nimeona watu wakigombea vikubwa zaidi ya nukta, lakini si kwa moyo kama wake.

Morogoro mpaka Mikumi

Basi lilipasua tairi tukiwa tumeipita Doma. La akiba lilikuwepo, ila nalo lilikuwa limepasuka tangu juzi. Kondakta akasema dakika ishirini. Nilizihesabu, zikafika saa nne.

Dada Anjela hakuona ucheleweshaji, aliona pori. Akanivuta kando ya barabara, akanionyesha mti wa mninga, kisha mkwaju, kisha mgunga wenye miiba kama sindano za kushonea magunia.

"Hawa wote ni ndugu wa maharage yako."

"Dada, mimi nimeuza maharage miaka kumi na sita. Hakuna mteja aliyewahi kuniomba kilo ya mninga."

"Tazama ganda."

Nikatazama. Mninga ganda lake ni duara lenye bawa pembeni na manyoya ya kuchoma katikati. Mkwaju mnaujua. Mgunga una ganda bapa, likikauka linalia kama kayamba. Akaniambia ganda ndilo jina la ukoo, ua ndilo linalokuambia mtu katoka nyumba ipi. Wenye ua kama kipepeo ni nyumba moja, wenye ua lililokunjuka ni nyumba ya pili, na wenye ua kama mpira wa nyuzi, kama huu mgunga, ni ya tatu.

Kwa upande wangu nilikuwa na mpangilio wangu: maharage yanayoiva kwa moto mmoja, yanayokula kuni, na ya kumuuzia mtu usiyemtegemea kurudi. Akauandika daftarini, nikajiona msomi. Kisha nikashika ganda zuri lenye manyoya ya rangi ya dhahabu kabla hajamaliza kusema "hilo usi—". Lilikuwa upupu. Abiria wote waliacha kulaani tairi, wakaja kunitazama ninavyojikuna. Mama mmoja akanipaka majivu na tope, akaniuliza, "Ulikuwa unachuma mboga, baba?"

"Nilikuwa nasalimia ndugu wa maharage."

Akawageukia wenzake. "Jua limemwingia."

Mikumi: magazeti na tembo

Mimea mibichi inakula magazeti. Kila siku lazima uyabadilishe, yaliyolowa uyaanike, makavu uyaingize, la sivyo kuvu linakuja na kazi inaoza. Siku ya pili Mikumi yalituishia. Mwenye duka alikuwa nayo, anafungia sukari.

"Haya siuzi," akasema. "Nikiuza, sukari nifungie mkononi?"

Nikampa hoja kwamba magazeti yake ni ya mwaka juzi na habari zake zimeshaoza. Akanijibu kwamba sukari haisomi. Tulianza asubuhi, tukapumzika kwa chai ambayo alinitoza, tukamaliza saa sita. Nikapata mafurushi mawili kwa bei ya moja na nusu, na masharti kwamba Dada Anjela amwandikie barua kwa mtoto wake aliyeko jeshini. Akaiandika. Mzee akasomewa, akasema, "Mwandiko mzuri, lakini mbona hukumtukana kidogo? Hataamini ni mimi."

Mbugani tulikwenda na askari wa wanyama aliyeitwa Petro, mtu wa maneno machache. Siku tatu tulikata migunga ya aina tano, nami nikajifunza kuhesabu vijani vidogo vya mgunga, maana aina hii na ile zinaweza kutofautiana kwa hilo tu. Nilikuwa nimefika kijani cha thelathini na nne Petro aliposema, kwa sauti ya kuomba chumvi, "Tembo."

Dada Anjela alipanda mti kabla sijamaliza kugeuka. Mimi nilipanda na koti, nikashuka bila koti. Tembo wenyewe walisimama pale saa moja na nusu wakila ule ule mgunga niliokuwa nauhesabu, bila kuhesabu chochote.

Kwa treni, kisha kwa miguu

Ile treni ya kutoka Kidatu kwenda Kilosa tuliambiwa ni ya asubuhi. Ilikuja asubuhi, ila ya kesho yake. Tulikula mihogo ya kuchemsha na dagaa kwa mama mmoja wa stesheni, mlo wa jioni na wa asubuhi ni ule ule. Tukashuka njiani, tukashika njia ya Zombo kwa miguu. Ndipo soli ya kulia ilipoaga. Niliifunga kwa kamba ya katani, maana wilaya ile hukosi katani.

Kabla ya kuingia kijijini Dada Anjela aliona miti mitatu mizuri kando ya njia. Haikuwa na maua bado, akaifunga lebo za namba ili turudi kuiangalia. Kosa letu lilikuwa hapo, na sikuliona, mimi ninayejidai kuona kila kitu.

Mnajua mwaka uliotangulia watu wa milimani walikuwa wamehamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa huku bondeni. Na kabla hawajahamishwa, walikuja watu na daftari, wakafunga namba kwenye miti na kuchomeka vigingi. Basi tulipofika nyumba ya kwanza tulikuta watu kumi na wanne wamesimama. Walikuwa wameshapata habari.

"Shikamooni wazee," nikasema.

"Marahaba," wakajibu, maana salamu haikataliwi. Ila hakuna aliyetukaribisha kukaa.

Balozi wa nyumba kumi akatoka mbele. Mkononi ana lebo zetu tatu. "Ndugu, tulishahama. Nyumba hazijakauka udongo. Sasa namba hizi ni za kutupeleka wapi?"

Dada Anjela akaanza kueleza habari za maua na maganda. Alieleza vizuri, lakini mtu aliyebebeshwa kitanda chake kichwani hadanganywi kwa ua. Balozi akauliza, "Serikali imekutuma uje utafute kunde? Sisi tunalima kunde. Ungeomba."

Nikaona tunarudi stesheni usiku na kibanio mgongoni. Nikasema, "Mzee, mimi ni muuza maharage tu wa Morogoro. Jina Masanja. Kwetu Tabora."

Balozi akanisogelea. "Wewe Mnyamwezi?"

"Baba na mama."

Akapiga makofi. "Enhe! Na msiba tunao, mtani ametuletea miguu yake mwenyewe!"

Msibani

Ninyi wa mjini mnafanya utani kwa mdomo tu, kwa hiyo nieleze. Wanyamwezi na Wasagara, wenyeji wa Zombo, ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakipita pale na mizigo ya pembe kwenda pwani. Mtani akikuta msiba wa mtani wake, ana kazi: kuchekesha, kutukana marehemu, kupasua kuni, kuchota maji. Na ana haki: anaweza kuteka kitu chochote cha wafiwa, nao lazima wakikomboe. Wakishakomboa, lazima akirudishe. Mtani akipokea cha kukombolea asirudishe, huyo ni mwizi, tena mwizi wa msibani.

Marehemu alikuwa Mzee Salehe, amezikwa siku mbili kabla. Mjane wake, Bi Mwajuma, alikuwa ndani ya eda. Mdogo wa marehemu, Ramadhani, ndiye aliyesimamia matanga. Na ajabu ya mambo ni hii: Mzee Salehe ndiye peke yake aliyekuwa bado anazitunza zile kunde za porini tulizozifuata. Kila wiki alikuwa akipanda mlimani kwenye mahame yake, pale alipohamishwa, kuziangalia.

Nikafanya kazi yangu. Nilipasua kuni, nikasimama mbele ya waliokaa mkekani, nikasema Mzee Salehe hakuumwa chochote, amekufa makusudi kukwepa zamu ya shamba la ujamaa. Wakacheka mpaka bibi mmoja akafuta machozi ya aina mbili. Sauti ya Bi Mwajuma ikatoka nyuma ya pazia, "Mwambieni huyo, Salehe alikuwa analima. Waliokuwa hawalimi ni Wanyamwezi, ndiyo maana wakawa wanabebeshwa."

Nikajua hapa nina mpinzani. Tulikula ugali wa mtama na mlenda, na kesho yake Ramadhani akatupeleka mlimani.

Mahame

Kwenye mahame yale nyumba ilikuwa imebaki kuta nusu, na nyani ndio wenyeji wapya. Kunde zilikuwa mashina mengi, yote yametafunwa. Shina moja tu lilisalimika, limetambaa juu ya ukuta katikati ya miiba, nyani wasikofika. Lilikuwa na maua ya zambarau, na chini yake maganda meusi yenye nywele.

Dada Anjela alipiga magoti. Akafungua ua kwa ukucha, akanionyesha jani lake la ndani lililojisokota kama mkia wa kinyonga. "Ya shambani haijisokoti hivi," akasema. "Kaka Masanja, ni yenyewe."

Nikahesabu maganda kwa sauti. Kumi na tisa. Nikarudia. Kumi na tisa.

"Hayo hayachumwi," Ramadhani akasema. "Ni mbegu za shemeji Mwajuma. Amesema tuyashushe akayaoteshe kule bondeni. Yakishakwisha haya, basi, hakuna tena. Nyani wamemaliza."

Dada Anjela akafunga mkasi wake. "Basi tushuke tukamwombe kwanza."

Hapo ndipo ujanja wangu uliponiponza. Mimi sipendi kuomba kitu ninachoweza kukichukua kwa sheria. Nikasema, "Kuomba nini? Mimi mtani. Nayateka."

Ramadhani akanitazama, kisha akacheka. "Haki yako. Teka."

Nikateka. Dada Anjela akabana matawi matano, kila moja na maua yake na maganda yake, mengine nikayatia mfukoni. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: nani atakomboa magugu? Watasahau, sisi tutaondoka.

Tulipofika chini, Ramadhani akaingia ndani, akatoka na kuku. "Shemeji anakomboa."

"Kuku mmoja!" nikasema kwa sauti ya msibani, watu wakaanza kusogea kusikiliza. "Kwa mali ya marehemu? Mnamdharau Salehe hivyo?"

Wakacheka. Akaingia, akatoka na kuku wawili. Nikasema Tabora kuku wawili ni wa kumkaribisha paka. Wakacheka tena. Nikapandisha: nataka mbuzi. Mbuzi jike. Nilitaja mbuzi kama ninavyotaja bei kwa mteja nisiyetaka anunue.

Ramadhani alikaa ndani muda. Alipotoka alikuwa na mbuzi jike mweusi, kamba shingoni, na hakuna aliyecheka.

"Ndiye huyo mmoja," akasema. "Shemeji anasema mbegu alipewa na mama mkwe wake siku aliyoolewa. Mwaka wa njaa, mahindi yalipokufa, nyumba hii ilikula hizo. Anasema mbuzi atapata mwingine."

Nimefanya biashara na watu wa kila aina, sijawahi kupewa bei niliyoitaja nikatamani ardhi ipasuke. Nikasema sitaki mbuzi, nilikuwa natania. Balozi akanijibu, "Umetaja mwenyewe, kaletwa. Ukimkataa umekataa undugu."

Dada Anjela aliingia kwa Bi Mwajuma. Nilisikia akizungumza polepole, kisha sauti ya bibi: "Mwanangu, zikiota, mwakani njoo. Nitakukatia kwa mkono wangu, ua na ganda." Akatoka, macho mekundu, akaniambia, "Rudisha yote." Mwakani ilikuwa imechelewa kwake, mnajua.

Nikafungua kibanio mwenyewe. "Nimeteka mimi, natoa mimi." Nikatoa matawi manne. La tano lilikuwa kwenye gazeti la chini kabisa. Lina maua mawili na ganda moja. Mkono wangu ulifika pale, ukalipita.

Nikamwaga maganda kwenye ungo, nikatangaza, "Kumi na nane." Nilihesabu mara moja tu.

Ramadhani akasema, "Mlimani ulisema kumi na tisa."

"Moja lilipasuka njiani, punje zikadondoka."

Nyuma ya pazia Bi Mwajuma akasema, "Haya. Mtani anatukana, haibi."

Kilosa, na kurudi

Tulikwenda Kilosa, tukangoja treni ya Morogoro siku mbili, mimi, Dada Anjela, kibanio na mbuzi. Mbuzi alipanda kwa tiketi ya mabishano. Lakini kabla ya hapo, kwenye chumba cha wageni Kilosa, Dada Anjela alibadilisha magazeti. Nikamsikia akipiga ukelele.

"Kaka Masanja! Njoo uone! Bibi yule ameniwekea!"

Alilishika tawi la tano kwa mikono miwili. Aliamini Bi Mwajuma alilisukumia humo kwa siri wakati mimi namwaga mengine, kwa huruma aliyomwonea kule ndani. Nilifungua mdomo. Nikaona uso wake, nikaufunga. Akaandika lebo palepale: Zombo, kwenye mahame, imetolewa na Bi Mwajuma. Akanipa nihakikishe namba. Namba zililingana.

Sasa nimepata barua yake. Mkuu wake ameliona ua, amekubali. Nukta imewekwa kwenye ramani, na Dada Anjela amebaki na kazi ya porini. Anasema tawi limetiwa ile dawa yao ya sumu ili wadudu wasilile, limegundishwa kwenye karatasi, litakaa miaka mia. Punje za ganda lile alizihesabu kwa niaba yangu: kumi na mbili. Na anasema kiangazi hiki anapita Morogoro kunichukua. Amenunua doti ya kanga. Twende wote Zombo akamshukuru Bi Mwajuma kwa ganda alilompa.

Ndiyo maana nimeandika yote haya badala ya kuwasimulia juu juu pale sokoni. Nikinyamaza, bibi atashukuriwa kwa kitu alichoibiwa, mbele ya Ramadhani aliyesikia kumi na tisa. Nikimwambia Dada Anjela kabla, itabidi achague: aiache lebo yenye uongo, au aseme ukweli kwa mkuu aliyekwisha kumkubalia. Nikitangulia Zombo peke yangu, naenda na nini? Mbuzi nimeambiwa harudishwi, na tayari ana mimba. Kunde za dukani ninazo gunia tatu, lakini si zile. Na zile punje kumi na mbili, hata nikizibandua kwenye karatasi yao nikampelekea, zimekunywa sumu, haziwezi kuota.

Kati yenu wapo waliooa kwa Wasagara na waliozika huko. Niambieni kabla ya kiangazi: mtani aliyeiba mbegu analipa kwa kitu gani?